Bosi Kaiba Utaratibu Wangu wa Kazi, Alhamisi Nataka Aumbuke Mbele ya Wageni

Admin, jina langu lifiche, ila hasira yangu iache kama ilivyo watu waisome. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, nina watoto watatu, naishi huku ndani Itigi, mkoani Singida. Mwaka wa saba sasa nafanya kazi kwenye shirika linalosaidia wafuga nyuki. Nasimamia vijana watano, kila mmoja na kijiji chake, wa mbali kabisa yuko Rungwa. Nawaita vijana, lakini wana familia zao, na mmoja mke wake kajifungua juzi tu.

Mwaka jana shirika likafunga ofisi yetu ya Manyoni. Tukaambiwa kila mtu afanyie kazi kwake, na meneja mpya atatuongoza kwa mtandao akiwa Dodoma. Kijana wa miaka kama thelathini, Kiingereza kingi, salamu hana. Siku ya kwanza akatangaza: kikao kila siku saa mbili asubuhi, kamera iwake, asiyeonekana hayupo kazini. Jamani! Saa mbili asubuhi mtu wangu wa Rungwa yuko porini na warina asali, siku ya tatu hajaona mtandao. Akaandikiwa utoro. Wenzake wakajifunza: wanaamka, wanapanda penye mtandao, wanaonyesha sura, wanarudi kulala. Vijijini hakuna anayekwenda. Kikaoni tumejaa wote, kazi imekufa.

Nikaona ujinga huu siuwezi. Nikakaa na vijana wangu tukapanga ya kwetu. Huku warina asali kabla ya kwenda kambini porini wanaachiana mizinga. Mtu anamwambia mwenzake, ule una nyuki wakali, ule bado haujaiva, ule usiuguse. Nasi tukafanya hivyohivyo. Anayeingia porini anamwachia jirani kijiji chake na kumweleza kila kitu. Jioni nawapigia mmoja mmoja, na swali langu la kwanza siyo ripoti, ni "umekwama wapi?" Kisha natafuta nani amsaidie. Nikimaliza naandika ukurasa mmoja, natuma Dodoma. Msimu ule wazee wafuga nyuki waliokuwa wametususia kwa kutotembelewa wakarudi kwenye vikundi vyao vya asali.

Meneja akapenda. "Dada, niandikie utaratibu wote hatua kwa hatua, wakubwa wauone." Na mimi mjinga nikaandika wiki nzima, ugali unaungua jikoni.

Siku ya kikao cha wakubwa nikapanda kwenye jabali nyuma ya nyumba ili nipate mtandao. Mbuzi wa jirani wakapita wanalia. Meneja akasema mbele ya watu wote, "Dada, hiki ni kikao cha viongozi au mnada?" Wakacheka. Akanizima sauti. Halafu akafungua kurasa zangu, maneno yangu, hadi ule mfano wa mizinga, akasema, "Huu ni mfumo niliobuni mwenyewe." Wakampigia makofi. Mimi juu ya jabali napiga kelele, nanyoosha mkono, hakuna anayenisikia.

Nilipompigia akanijibu, "Dada, kazi ya timu haina mwenyewe. Acha roho ndogo." Wiki iliyofuata ikaja barua: kuanzia mwezi ujao nafasi yangu anapewa binti aliyeko hukohuko Dodoma, kwa kuwa mimi sina uwezo wa kuongoza watu walio mbali. Mimi! Nililia mpaka mume wangu akauliza nani kafariki.

Sasa Alhamisi hii wafadhili wanakuja Dodoma kuona huo mfumo "wake" ukifanya kazi. Anataka awaunganishe vijana wote watano kwenye skrini kubwa. Jana kanipigia, sauti laini kama siyo yeye. "Dada, vijana hawapokei simu zangu. Nihakikishie watakuwepo. Ila wewe usiingie, mtandao utalemewa."

Hawapokei kwa sababu hajawahi kumpigia hata mmoja ila kumgombeza. Wananisikiliza mimi. Nikiwaambia tu "Alhamisi ingieni porini", wataingia, na yeye atabaki na suti yake mbele ya skrini tupu. Haki ya Mungu naitamani hiyo sura. Nimeiwaza nikichota maji, nimeiwaza kanisani mahubiri yakiendelea, nikacheka mpaka mama mmoja akanigeukia. Mume wangu anasema nimwachie Mungu. Nimemwambia Mungu ana kazi nyingi, hii ndogo nitamsaidia.

Wapo watakaosema niwaambie vijana waseme ukweli mbele ya wageni. Atawazima sauti kama alivyonizima mimi.

Ila jana jioni nilimdokeza yule mwenye mtoto mchanga. Akasema, "Dada, ukisema niingie porini, naingia. Kiongozi wangu ni wewe. Lakini wageni wakikuta hakuna mtu, mradi si watafunga? Mke wangu nitamwambia nini?"

Nilikata simu nikajifanya mtandao umegoma. Kila jioni nawauliza wamekwama wapi, na jana aliyewakwamisha ni mimi.

Leo Jumanne. Ujumbe nimeshauandika, bado kidole tu. Nikiutuma, namwangusha meneja, lakini watoto wa wenzangu wanalala njaa. Nisipoutuma, anapandishwa cheo kwa jasho langu, na ngazi nimemshikia mimi mwenyewe. Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini? Niutume au niufute? Wa kuniambia nisamehe apite tu, leo moyo huo sina.