Nilimwambia Nesi Kwamba Njeri Amehama

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na mengine nitajitetea.

Nina miaka arobaini na kitu, na mingi nimeimaliza nikihamahama. Nakuru, Voi, Kisumu. Nikichoka na mji nafunga begi. Njeri ndiye aliyenituliza. Tulipanga chumba Kamenu, hapa Thika, akashika mimba yetu ya kwanza.

Kliniki walimwomba ajiunge na utafiti. Walitaka kujua kwa nini akina mama wengi wasio na uwezo hujifungua kabla ya wakati, na nini kingezuia. Wangempima presha na mkojo, na akijifungua wachunguze kondo la nyuma. Alikubali kwa furaha.

Jirani yetu Mama Ciku, muuza mitumba niliyemwamini kama dada, alinivuta kando.

"Wewe mzee, unajua hilo kondo linaenda wapi? Linauzwa. Na mama hazai tena."

Nilimkumbuka cucu, nyanya yangu, akizika kondo la ndugu yangu mdogo mahali pasipolimwa, akishindilia udongo polepole kwa kiganja. Mimi sina shamba popote, lakini kondo la mtoto wangu niliona siwaachii.

Nilimwambia Njeri ajitoe. Alicheka. "Utalizika wapi? Chini ya kitanda?"

Kicheko kile kilinichoma. Siku moja akiwa nje anaanika nguo, simu yake ililia, nikashika. Alikuwa nesi wa utafiti. Mkojo wa Njeri ulikuwa na maambukizi, aende upesi apewe dawa, kwani yangeweza kuleta uchungu mapema.

"Njeri amehama," nikasema. "Amerudi kwao." Kisha nikaifungia namba ile.

Njeri aliingia na beseni. "Nani huyo?"

"Amekosea namba."

Uchungu ulimshika kabla ya kliniki iliyofuata. Mtoto wetu wa kiume alijaa kwenye viganja vyangu viwili. Hakumaliza siku.

Nje ya wodi nilimkuta Mama Ciku na binti yake, aliyebeba mtoto mnono. Nesi aliwaaga akiwashukuru kwa kushiriki utafiti hadi mwisho.

"Si uliniambia wanauza kondo?" nikamuuliza.

"Ah, mzee, hizo ni stori za sokoni. Mimi niliongea tu."

Nilimwacha papo hapo. Nikaingia wodini kumwambia Njeri, "Yule mwanamke ametusaliti." Sikuwa nimemaliza, yule nesi akafika kitandani.

"Njeri? Tulipiga simu kuhusu dawa. Mwanaume fulani akasema umehama."

Njeri alinigeukia. "Nani ametusaliti?"

Baadaye nilimuuliza nesi kama dawa zingemwokoa mtoto. Alisema hawezi kuapa, lakini zilikuwa nafasi yake. Nikamweleza habari ya kondo. Akainamisha kichwa. "Mngesema tu hamtaki tulichukue. Tungeliacha, na matibabu yangeendelea."

Wanaume wenzangu, simu ya mama mjamzito si yako. Ukishika, mpe ujumbe wake. Kama una hofu, mpelekee nesi, usiipeleke kwa jirani. Mimi sikuuliza swali hata moja.

Njeri yuko kwa mama yake, huko Ruiru, na hashiki simu zangu. Wapangaji wenzangu wa ploti wakiniuliza aliko, nawajibu amehama. Sasa ni kweli.