Kichwa Kilichosukwa Nusu

Wapo watu ukiwaachia mgonjwa wamwangalie, watamwangalia kweli, kama mtu anavyoangalia sinema. Mmojawapo ni mwenye saluni, wifi yake msusi ninayetaka kuwasimulia. Mnivumilie, wapenzi wangu, maana nikimtaja huyo mate yananijaa mdomoni, na si ya uchu.

Msusi alikuwa fundi. Alisuka mistari ya kupindapinda huku anapiga soga na kucheka, mara kichwa kimekwisha. Kisha mambo yakageuka. Akawa anagawa nywele, halafu anasimama, kitana hewani, hajui mstari unaelekea wapi. Anafumua, anaanza upya. Usingizi hana, chakula hakishuki. Ukimuuliza jambo, jibu linakuja kwa kujikokota.

"Wifi, umelogwa au ni uvivu tu?" mwenye saluni alimuuliza mbele ya wateja, akambandika jina: Betri Chini. Wateja wakaangua kicheko. Na mwanamke huyohuyo mashine yake ya kukaushia nywele ikipata moto, aliizima ipumzike!

Asubuhi moja alikuja mke wa fundi friji, mtu asiyetoka hata kumwaga takataka bila poda usoni. Upande wa kushoto ukasukwa ukapendeza. Wa kulia, msusi akakwama. Mteja alipoinua macho kwenye kioo, akaona msusi anatiririkwa na machozi kimya.

"Mdogo wangu, una nini?"

"Nimesahau kusuka, dada."

"Achana na kusuka. Wewe una nini?"

"Nimechoka. Nimekuwa mzigo. Nisingekuwepo, wangepumua."

Mwenye saluni akasonya. "Anatafuta likizo huyo. Wanaotaka kufa kweli hawatangazi."

Hebu sikieni upumbavu huo! Mtu anakwambia anazama, wewe unamkosoa alivyopiga kelele.

Mke wa fundi friji hakuzungukazunguka, akamuuliza msusi: "Unafikiria kujiua?"

"Ndiyo."

"Hata leo?"

"Leo zaidi."

Mteja akavua kitambaa cha saluni alichofungwa shingoni. "Vaa viatu, twende hospitali."

"Na kichwa chako, dada?"

"Changu kina nywele tu. Chako ndicho kinachouma."

"Utapita barabarani hivyo?" mwenye saluni akapayuka. "Watu watakucheka!"

"Wacha wacheke. Wewe si umewafundisha?"

Wakatoka wameshikana mikono, kichwa cha mteja upande umesukwa, upande umetimka. Watu walicheka, ndiyo. Wao wawili hawakusimama.

Daktari alimsikiliza msusi bila kumkatiza. Akasema ni sonona, ugonjwa unaovuruga umakini na kumbukumbu. Ufundi wake haujapotea, na ile sauti ya kwamba yeye ni mzigo ni ugonjwa unaoongea. Unatibika, ila kwa sasa asiachwe peke yake.

Mchana wifi mtu akafika. Hata pole hakutoa. "Atarudi kazini lini?" Daktari akamwomba asubiri nje. Thubutu! Alikuwa na wateja, akaenda zake. Hasara kwa nani? Hata kiti cha pale kilipumua.

Jioni, wodini alikolazwa, msusi akanong'ona, "Dada, nimemeza dawa, lakini yale mawazo bado yapo."

"Nimesikia. Hayaondoki kwa siku moja. Niambie yote."

Akaanza kusema. Akasahau alipofika, akarudi nyuma, akaanza tena. Mke wa fundi friji akamngoja.