Tabasamu na Kompyuta Iliyokuwa Ikikata Roho

Saa tatu asubuhi, na mpiga picha ameuweka mkono ubavuni mwa kompyuta yake mpya kama anayempima mtoto homa. Kwenye kioo, mstari wa kijani unajivuta polepole kuelekea kulia. Asilimia hamsini na nane. Hamsini na tisa. Haongei, na ukimsemesha anakunyamazisha kwa kidole.

Ghafla feni inanguruma, kioo kinakuwa cheusi, na sebule nzima inanyamaza.

"Imekata roho tena?" mama yake anauliza kutoka jikoni.

"Tena, mama."

"Labda ina njaa. Hata wewe ukichelewa kula ulikuwa unazimia hivyo hivyo."

Binti hacheki. Mtaani wanamwita Tabasamu, kwa kuwa ndilo neno analolipigia kelele kwenye kila harusi na kila mahafali. Mwenyewe akiwa kazini, uso wake ni wa msimamizi wa mtihani.

Kazi iliyomshinda asubuhi hii ni ile ya mwisho, ya kuunganisha vipande vyote vya video kuwa filamu moja. Wenyewe wanaiita kurenda. Video ni ya harusi, na anayeisubiri kwa hamu kuliko maharusi wenyewe ni baba wa bibi harusi, dereva mstaafu wa malori ambaye presha ya macho inamfungia dunia kidogo kidogo. Upande wa kulia haoni kitu. Wa kushoto umebaki upenyo, na daktari amemwambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi.

"Alinijia baada ya harusi, akanishika mkono," Tabasamu anasimulia. "Akasema, binti yangu, siku ile niliona kwa machozi tu. Nataka niione vizuri mara moja, kabla pazia halijafungwa. Sasa mtu akikwambia maneno hayo, utamjibu asubiri foleni?"

Foleni anayoitaja ni ya studio. Kwa miaka mingi Tabasamu amekuwa akipiga picha mwenyewe na kupeleka memori kadi kwa wahariri wa mjini, ambao huchukua theluthi ya malipo yake na kumrudishia kazi wanapojisikia. Safari hii walimwambia asubiri msimu wa harusi upite. Laptopu yake nayo ilikuwa imezeeka, ukiiwekea video ya dakika kumi inagoma kama punda mbele ya daraja.

Ndipo alipoamua kuunda kompyuta ya mezani, kipande kwa kipande, bila kuwahi hata kubadilisha plagi ya pasi.

Ili apate mtaji aliuza lenzi yake ndefu, ile ya kunasa machozi ya mama mkwe kutoka mwisho wa ukumbi. Nilipomuuliza kama haimuumi, alijibu haraka mno. "Inaniuma, kwa nini isiniume? Lakini sasa nasogea mwenyewe. Miguu ndiyo zumu yangu ya kuvuta picha karibu."

Katika kununua alikuwa bahili wa makusudi. Kasha ni la kompyuta ya ofisi iliyostaafishwa, lina mkwaruzo ubavuni. Fedha alizookoa hapo alizipeleka kwenye vitu vinavyofanya kazi kweli: prosesa yenye nguvu ya kutosha, kumbukumbu kubwa, diski ya kasi, na kioo kinachoonyesha rangi zilivyo.

"Duka la kwanza walining'ang'aniza kasha lenye taa za rangi. Nikawauliza, jamani, nakwenda kuhariri au kufungua disko? Ngozi ya bibi harusi ikitoka bluu, hakuna atakayeniuliza kasha langu lilikuwa na taa ngapi."

Aliiunganisha mashine juu ya meza ya chakula ya mama yake, simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai, video ya mafunzo ikienda na kusimamishwa. Kabla ya kushika kifaa chochote aligusa kwanza nondo za dirisha, ili kuutoa ule umeme mdogo unaokaa mwilini. Mama yake alidhani binti anaomba dua. Kwa heshima, naye akaitikia amina kimoyomoyo.

Mashine ikawaka mara ya kwanza tu. Tabasamu anakiri kwamba alilia. Picha zilifunguka mara moja, video ikakatika na kuungwa bila kusuasua, akahariri harusi nzima kwa raha ambayo hajawahi kuijua. Kisha akabonyeza kurenda, na mashine ikazimika njiani.

Tangu hapo imekuwa ni hivyo hivyo. Leo asubuhi uvumilivu umemwishia. Anang'oa nyaya, analifunga kasha kwa kanga, analikumbatia na kutoka nje. Namfuata.

Muuza vipuri ana kibanda chembamba kilichojaa mashine zilizofunguliwa matumbo. Anamwona mteja wake kwa mbali na kuweka kikombe chini.

"Kaka, umeniuzia mzoga," Tabasamu anamwambia hata kabla ya salamu.

"Dada, karibu kwanza. Mzoga unafanyaje?"

"Unawaka vizuri, unakula kazi ndogo zote. Kazi ya maana ikija, unazima. Hiyo pawa saplai yako ya kulishia umeme ni ya kuokoteza!"

"Pawa saplai nimeipima mbele yako. Weka hapa tuone, kelele hazifungui skrubu."

Analifungua kasha. Anapitisha kidole kwenye nyaya, anatikisa kichwa kwa namna ya kusifu. Nyaya zimepangwa vizuri kuliko zake. Halafu analegeza skrubu za kipozeo, kile kipande cha chuma chenye feni kinachokaa juu ya prosesa na kunyonya joto lake. Anakigeuza.

Chini ya kipozeo, pale chuma kinapopaswa kugusana na prosesa, kuna karatasi nyembamba ya nailoni, ya kinga ya dukani. Grisi ya kupozea imepakwa juu yake kwa ustadi mkubwa.

"Dada. Nani alikwambia uiache hii?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe hapo! Ulisema usibandue kitu chochote, ukibandua dhamana imekufa."

Muuza vipuri analigeuza kasha na kutazama nyuma. Alikuwa akimaanisha stika ya duka lake, ile ndogo ya nyuma. Ni kweli alisema "kitu chochote". Humwambia hivyo kila mteja, na kila mteja akifika nyumbani hubandua anachotaka. Huyu ndiye wa kwanza aliyemtii.

Na mwenye kumfahamu Tabasamu hashangai. Amelelewa katika nyumba ambayo sofa lina nailoni, meza ina nailoni, rimoti imevikwa nailoni na kufungwa mpira. Kisha akaingia kwenye kazi ambayo kioo kipya cha kamera hakivuliwi kinga yake mpaka ulazimike. Katika maisha yake yote hajawahi kuambiwa kwamba kinga inaweza kuua kitu.

Wanatazamana, kisha wanacheka wote wawili, Tabasamu mpaka anajishika kwenye kaunta. Mwenye duka anaibandua nailoni, anafuta, anapaka grisi mpya na kukataa malipo. Prosesa haijadhurika. Kila ilipochemka kupita kiasi, mashine ilijizima yenyewe ili isiungue.

"Haikuwa inakufa," anamwambia. "Ilikuwa inajiokoa. Nenda kamalize kazi ya mzee."

Mchana huo mstari wa kijani unaipita hamsini na tisa. Unapita themanini. Mama ameacha vyombo na kuja kusimama nyuma ya kiti cha bintiye, mikono ikiwa bado na povu, bila kutoa mzaha wowote. Unapofika mia, Tabasamu anautoa mkono wake taratibu ubavuni mwa kasha. Halina homa.

Mzee anafika jioni akiwa ameshikwa mkono na binti yake, bibi harusi mwenyewe, amevaa koti lile lile la harusi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Niweke ninapoona."

Tabasamu anamketisha kwenye sofa na kuisogeza meza ya kompyuta kushoto kwake, hatua kwa hatua, mpaka mzee anapoinua kidole: hapo. Video inaanza. Lakini kila anapojisogeza kuifuata picha, nailoni ya sofa inalia chini yake, na sauti ya bintiye akila kiapo inamezwa na makelele hayo. Mzee anajaribu kukaa bila kupumua.

Mama yake Tabasamu anatazama mara moja, mara mbili. Ameilinda nailoni hiyo tangu sofa lilipoletwa, na wajukuu wameshafinywa masikio kwa ajili yake.

"Nyanyuka kidogo, kaka yangu," anasema, na kuichana nailoni kwa mikono yake miwili, kutoka pembe hadi pembe.

Baada ya hapo kinachosikika ni harusi tu. Mzee anatazama akiwa ameinamisha kichwa upande. Katikati ya hotuba yake mwenyewe anainua mkono.

"Simamisha."

Kwenye kioo, marehemu dada yake, aliyefariki wiki chache baada ya sherehe, amekaa safu ya pili, anamcheka kwa jinsi alivyosahau maneno. Siku ile dada huyo alikuwa upande wa kulia, wa jicho lisiloona. Hakumwona.

"Kumbe alikuwepo hapo," mzee anasema. "Alikuwa ananicheka, mshenzi yule." Anajifuta uso kwa kiganja na kuomba irudishwe nyuma.

Tabasamu sasa ana mipango. Anataka kupokea memori kadi za wapiga picha wenzake, wale wanaosota kwenye foleni za mjini, na kuwahariria kwa bei ya kibinadamu. Lenzi ndefu ataitafuta tena, hata kama ni iliyotumika. Pembeni ya kioo amebandika kipande kile cha nailoni ya kipozeo, ili asijisahau.

"Ila Jumamosi sipokei kazi ya mtu," anasema, akifuta vumbi juu ya kasha. "Mzee kasema atarudi kuiangalia. Na Jumamosi inayofuata. Pazia litafungwa, sawa, sisi si Mungu. Lakini mpaka lifungwe, kiti chake ni hapa kushoto."