Msichana Aliyesimamisha Mvua

Maziwa mabichi yakikaa juani ndani ya bidoni ya plastiki hutoa harufu nzito yenye utamu kidogo, na yakichanganyika na petroli ya pikipiki harufu hiyo haikutoki tena. Hiyo ndiyo harufu ya likizo kubwa ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu Mushaki. Kila asubuhi sisi watoto wa wafugaji tulishuka kutoka malishoni na bidoni zetu mpaka kando ya barabara ya Sake, tukazipanga penye ukingo wa udongo, kisha tukasubiri. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na ng'ombe wa juu ya kilima tuliwasikia kabla ya kuwaona. Mama zetu walitufunga vitenge mabegani na bado meno yaligongana. Tuliyemsubiri alikuwa kaka Bahati, mtoto wa baba yangu mkubwa, aliyebeba maziwa ya ukoo mzima kwa pikipiki hadi mjini Goma. Ila nisiwe mnafiki: maziwa hayakutuhusu hata kidogo. Tulisubiri simu yake.

Wakati huo simu zenye kioo kikubwa zilikuwa za kuhesabu kwetu, na ya kaka Bahati, ingawa kioo kilipasuka pembeni, ilikuwa na kadi iliyojaa muziki wa Kinshasa, mahubiri, na kitu kimoja kilichotutia wazimu. Kilikuwa kionjo cha filamu ambayo ilikuwa bado haijatoka. Sisi tulikiita tu kipande. Maneno yake yalikuwa ya lugha tusiyoijua, kwa hiyo tulisoma picha. Mji mkubwa unazama kwa mafuriko. Mwanamume wa nguo za kijani ameinamia maji, amebeba daraja lililovunjika mgongoni, na watu wanavuka juu yake wakikimbia. Sisi tulimpa jina la Mubebaji. Kisha mtu mwenye glavu nyeupe, uso hauonyeshwi, anakata kamba. Na karibu na mwisho, kwa muda wa kupepesa jicho, msichana mweusi kama sisi, misuko yake imerudi nyuma kama ya kwetu, amesimama juu ya paa. Anainua mkono, na mvua inasimama hewani. Halafu giza na maandishi.

Kaka Bahati alituachia simu alipokuwa akifunga bidoni, na aliyeishika ndiye aliyeamua picha isimamishwe wapi. Tulikagua kipande kile kwa namna baba zetu walivyokagua ng'ombe sokoni: sikio, kwato, kovu, mwendo. Kijana mmoja aliapa kwamba mwenye glavu ni mdogo wake Mubebaji, maana wote wawili walitupa mguu wa kushoto nje kidogo. Mwingine akasema goti la Mubebaji ni bovu na atakufa kabla filamu haijaisha. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na sisi za kwetu zilisimama wima kila asubuhi. Lakini jambo moja halikumpita yeyote akilini: kwamba kinachoonyeshwa huenda kisiwemo kwenye filamu yenyewe. Tungejuaje? Kwetu, ng'ombe aliyezungushwa mbele ya macho yako ndiye utakayefika naye nyumbani, na mtu anayeonyesha ng'ombe huyu akatoa yule hakaribishwi tena kwenye boma la mtu. Tuliamini kwamba wenye filamu nao walilelewa hivyo.

Mimi nilikuwa upande wa msichana. Nilisema tangu mwanzo kwamba Mubebaji atachoka, daraja litamlemea, na ni yule msichana wa juu ya paa atakayemwokoa, kwa sababu hakuna anayesimama kwenye maji mengi kiasi kile asihitaji mtu wa kuyazuia kutoka juu. Wavulana walinicheka. Aliyenitetea alikuwa Solange, binti wa jirani yetu, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Mama zetu walikamulia pamoja, na tangu tukiwa wadogo mama yangu alitunywesha sote kwa kibuyu kimoja, akituambia kwamba waliokunywa maziwa ya kibuyu kimoja hawafichani neno. Tulilishika hilo kuliko katekismo. Nilipoota ndoto mbaya, Solange alijua kabla ya uji. Basi tukawa kambi ya watu wawili dhidi ya barabara nzima, na hoja zetu zilikuwa kali hivi kwamba wavulana wenyewe walianza kunipa simu niishike. Kwa mtoto wa kike wa umri wangu, kusimama pale na kusema "ngojeni kwanza, tazameni mkono wake" na wakubwa wakainama kutazama, kulikuwa na ladha ambayo sijaipata tena hata siku niliyopewa diploma.

Katikati ya likizo shangazi yake Solange alijifungua, na Solange akapelekwa Goma kumsaidia kubeba mtoto. Nililia kwenye kitenge. Niliendelea na vita peke yangu, nikimwekea akiba kila hoja mpya ili aikute. Aliporudi nilimkimbilia mpaka barabarani, nikaanza kumweleza kabla hajashuka vizuri kwenye pikipiki. Alinisikiliza akitazama viatu vyake. Kesho yake, pale penye bidoni, wavulana walipoanza ubishi wao, alisema kwa sauti ya chini kabisa.

"Miye nawaza ule mutoto hatakuwa mu filme."

Nilidhani anatania. "Solange, si weye njo ulisema atamuokoa?"

"Nilisema. Sasa niliwaza tena."

"Juu ya nini?"

"Bure tu. Ni mawazo."

Akahamia upande wa wavulana, hivi hivi, mchana kweupe. Na mawazo yake yalikuwa mazuri ajabu. Alisema mwenye glavu si mdogo wake Mubebaji bali ni daktari wake. Alisema Mubebaji hafi, anapoteza macho. Walimshangaa, kwa kuwa hakubishana. Alisema tu, kama mtu anayetaja majina ya ng'ombe wa kwao. Mimi nilipandwa na hasira nikazidi kung'ang'ania. Mbele ya wote nilisema kwamba kama msichana hatatokea, wasinisikilize tena kwa lolote. Solange alikuwa amesimama karibu yangu kiasi cha kugusana mabega. Hakunivuta kitenge. Hakunikanyaga hata mguu.

Filamu ilifika Jumapili moja, kaka Bahati aliileta kwenye kadi, na mwenye sale ya video, kibanda chetu cha kutazamia filamu, akaitangaza baada ya misa. Mama alikuwa amenisuka jana yake, misuko ya kurudi nyuma, kwa kuwa nilimsumbua wiki nzima. Tulijazana kwenye mabenchi, madirisha yamezibwa kwa maturubai, jenereta linanguruma nje, jasho na vumbi vimetushika kooni. Nilikaa na Solange. Nilimshika mkono, kwani ubishi ni ubishi na urafiki ni urafiki, na nikaubana kila maji yalipopanda. Daraja likavunjika. Mubebaji akaliinamia. Mvua ikanyesha, ikanyesha, ikaacha yenyewe. Mwenye glavu alikuwa daktari. Mubebaji akapofuka. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo, na nilikuwa bado natazama paa za nyumba.

Nilisimama nikasema kadi imekatwa. Nilimwambia mwenye sale arudishe nyuma, kuna kipande kimeruka. Alikuwa mtu mwema, akarudisha. Hakukuwa na kitu. Yule msichana hakuwa ameuawa, hakuwa amefukuzwa, hakuwa amesahauliwa mahali, hakuwahi kuwepo. Walituonyesha ng'ombe mmoja wakatutolea mwingine. Wavulana waligonga mabenchi wakaimba jina la Solange, wakasema huyu mtoto ni nabii, na kuanzia hapo simu akawa anashika yeye. Mama, aliyekuja kunichukua mlangoni, alinifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Mwanangu, ng'ombe yenye banakuonyesha njo yenye unapeleka," aliniambia. "Lakini filme haiko ng'ombe."

Hilo ningelimeza. Watu wa filamu wako mbali, hawanijui, hawakunywa kitu nami. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Shangazi yake Solange alikuwa amepanda Mushaki siku hiyo hiyo kumleta mtoto aonwe na babu na bibi, na jioni kabla ya jua kuzama mimi na mama tulikwenda kumsalimu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, macho yamevimba, mtoto wake mapajani mwangu. Shangazi akauliza kilichonisibu, mama akamweleza. Shangazi akacheka kwa huruma, bila ubaya wowote.

"Ah, njo ile filme? Solange aliionaka kwangu Goma, kwa jirani mwenye televizyo. Alilia, alilia, hata kula alikataa. Eti kuna mutoto banamuondoa."

Nilimtazama Solange. Alikuwa mlangoni na bakuli la maziwa ya wageni, na hakulikana neno hilo. Alilia! Alilia kilio hiki hiki changu, akajua kinavyouma, kisha akapanda pikipiki akaja nacho mpaka Mushaki, akakitandaza barabarani na kuningoja nikikanyage. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimekishika mkono gizani. Nilimfuata nyuma ya zizi nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Riziki, kila siku ni weye unashika simu," alisema. "Nilitaka na miye banisikilize."

Hakuomba msamaha, wala sikumpiga, ingawa nilitamani. Baada ya hapo tuliendelea kusalimiana, kubebeana bidoni, hata kukaa benchi moja kanisani. Mama aliendelea kutupa kibuyu kile kile. Nilikunywa, lakini ndoto zangu nilibaki nazo mwenyewe.

Siku hizi ninafundisha Mpofi, upande wa Walikale, ambako ili upate mtandao ni lazima upande kilimani nyuma ya shule. Hata hivyo vionjo vinafika kabla ya habari za vita. Wanafunzi wangu hutazama kimoja asubuhi, na kabla ya mapumziko mtu asiyewajua, wa nchi wasiyoijua, ameshawaandikia mwisho wa filamu. Wanakasirika kwa dakika chache, wanacheka, wanatafuta kingine. Nawaonea huruma kwa kukosa likizo nzima ya kubishana, na papo hapo nawaonea wivu, maana anayewaharibia ni mgeni. Solange yuko Goma, ana watoto, ana duka la vitambaa, na ni mtu mzuri; wakati barabara zilipofungwa alimhifadhi mama yangu kwake miezi mingi na sitalisahau hilo. Juzi alinitumia kionjo cha filamu mpya, kilichochukua nusu saa kufunguka. Akaandika chini yake, "Dada Riziki, ule wa maski usoni unawaza ni nani?" Nilikuwa nimeshakitazama kwenye simu ya mwalimu mwenzangu, mara kadhaa, na dhana ninayo, tena nzuri sana. Nikamjibu kwamba bado sijakiona.