Pole ya Saa Nne na Dakika Kumi na Mbili

Asnath Ndahani hakuwa mtu wa kuacha shikamoo ipite bila kuitikiwa. Kwao Kibakwe, milimani huko, mama yake, aliyeitwa Loisi, alimlea hivyo: ukikutana na mtu njiani, hata kama unakimbizwa na nyuki, unasimama, unamuuliza habari za watoto na za ng'ombe, ndipo unaendelea na mbio zako. Adabu hiyo ilimfikisha mbali. Ndiyo hiyohiyo iliyommaliza, na ninasema mapema ili msomaji asidhani ninampeleka harusini.

Alikuwa na miaka thelathini na sita, fundi wa kompyuta katika kampuni ya watu sita pale Kikuyu, Dodoma. Kazi yao ilikuwa kuwafungia wateja seva, zile kompyuta kuu za kutunzia kumbukumbu, zinazotumia mfumo wa Linux: wenye mashine za kukamua alizeti, wenye maduka ya dawa, wenye mabasi, na hospitali mbili tatu. Wateja waliipenda Linux kwa sababu haidai leseni. Asnath aliipenda kwa sababu haina siri. Msimbo wake, yaani yale maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini, uko wazi. Anayetaka asome, anayeona kasoro arekebishe. Alizoea kuwaambia wateja kwamba ni kama kisima cha kijiji, wote mnateka na wote mnafyeka majani. Hakuna aliyemuuliza itakuwaje mtu akija kutia kitu kisimani, na yeye mwenyewe hakujiuliza.

Kisimani humo naye aliweka chake. Mtandao wa huku kwetu ni wa kuja na kuondoka. Ukituma kumbukumbu za siku nzima kwenda kwenye seva ya akiba, zinafika nusu, mtandao unakufa, unaanza upya. Asnath akaandika programu ndogo inayobeba kumbukumbu punje kwa punje. Mtandao ukikatika inangoja, ukirudi inaendelea palepale ilipoishia. Akaiita Sisimizi, akaiweka wazi mtandaoni, anayeitaka aichukue. Baada ya miaka minne ilikuwa imefungwa kwa wateja arobaini na mmoja aliowajua kwa majina, kuanzia Manyoni hadi Kongwa, achilia mbali asiowajua. Kuitunza ilikuwa kazi ya Jumamosi zake, na asante alizopata kwa kazi hiyo zingeenea kwenye kiganja.

Shaaban alikuja kwa barua pepe, mwezi wa tatu, mvua zikielekea ukingoni.

«Mbukwenyi,» alianza, kwa Kigogo kabisa. «Shikamoo dada Asnath. Naitwa Shaaban, kwetu Haubi, Kondoa, ila nafanya kazi nje ya nchi. Sisimizi imenisaidia sana. Nimeona kasoro ndogo nikairekebisha, naomba uitazame ukipata nafasi. Usijisumbue kama umechoka.»

Watu wote waliomwandikia kwa miaka minne walikuwa na madai. Hakuna aliyewahi kuuliza kama amechoka. Aliitikia marahaba, akasoma marekebisho yale, akayakuta safi, akayapokea.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja siku ya tatu, jembe alikuja nalo mwenyewe. Mwaka mzima alilima: kila wiki kasoro mbili tatu, kila barua na shikamoo yake, na Asnath akipitisha huku akijibu, «Asante sana mdogo wangu.» Mwanzoni alisoma kila mstari. Baadaye akawa anasoma mistari ya juu tu, maana nani anapekua mfuko wa mtu aliyemletea mboga?

Aliyeguna ni Mwamvua, mwenzake wa meza ya jirani, Mrangi wa Kondoa.

«Huyo Shaaban wako ni wa ukoo gani?»

«Sijamuuliza. Amesema Haubi.»

«Mimi nimezaliwa Haubi. Mwambie aniandikie salamu ya kwetu, moja tu.»

Jibu la Shaaban lilikuja baada ya siku mbili. Aliondoka nyumbani mdogo, alisema, lugha imempotea, na anaona aibu. Asnath alimhurumia.

«Salamu ya Wagogo anaijua, ya kwao imempotea,» alisema Mwamvua. «Haya. Lugha ya mama haipotei yote, dada. Hata matusi hubaki.»

Wakacheka, wakaendelea na kazi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, Mama Loisi alilazwa. Hospitali yenyewe siitaji jina, maana wauguzi wake ni watu wema na hawakukosa lolote. Seva yake alikuwa ameifunga Asnath mwenyewe, akisaidiana na fundi wa pale, Tumsifu, kijana mpole asiyepandisha sauti. Alhamisi asubuhi Mama Loisi akafariki.

Sasa, kwetu habari ya kifo hairushwi kwa simu kama matokeo ya mpira. Mtu anaweza kuwa barabarani, anaweza kuwa jikoni na mafuta ya moto. Baba yake Asnath, Mzee Nathanaeli, aliyekuwa pale kitandani, alimpigia shemeji yake, Elisha, aliyeishi Dodoma, na kwa wengine wote akakaa kimya. Mjomba Elisha akavaa, akamfuata mzee wa kanisa, wakaenda wawili hadi ofisini Kikuyu. Ilikuwa saa tano na nusu. Asnath aliwaona wakiingia getini, kofia mkononi, akajua kabla hawajafungua mdomo.

Walizika Jumamosi, Kibakwe. Asnath hakufungua kompyuta hadi siku ya nne, na alipofungua alikuta pole zimejaa. Ya Shaaban ilikuwemo: «Pole sana na msiba wa mama, dada. Mungu awatie nguvu. Sisimizi usiiwaze, niachie mimi.» Akaendelea kuandika kila siku hadi matanga yalipoanuliwa. Je, mzee analala? Je, wewe umekula? Wateja nao waliandika, wengi wakiuliza mfumo utakaa sawa lini.

Mtu aliyekulilia mama yako si mgeni tena. Hivyo ndivyo Asnath alivyoona, na sijui ni wangapi kwetu tungeona vingine. Toleo jipya la Sisimizi haliingii kwenye seva ya mtu mpaka litiwe sahihi kwa ufunguo wa siri, na ufunguo ulikuwa mmoja, wake. Akamtengenezea Shaaban wa pili. Akamwandika kuwa mmiliki mwenzake pale programu inapohifadhiwa. Kisha akawaandikia wateja wote arobaini na mmoja: kuanzia leo, mkimsikia Shaaban, mmenisikia mimi.

Mwaka ukazunguka kwa utulivu. Sisimizi haikuwahi kwenda vizuri namna ile.

Mwezi wa nane uliofuata ukoo ulijiandaa kwa ibada ya kumbukumbu na kuweka msalaba. Mzee Nathanaeli aliagiza wote waliowafariji wasomwe kwa majina, asisahauliwe hata mmoja, na orodha akamkabidhi mwanawe. Jumamosi asubuhi Asnath akaenda ofisini, Mwamvua akaja kumsaidia. Barua za mwaka jana aliziita zijipange kwa saa, wa kwanza kutoa pole awe wa kwanza kutajwa. Wa kwanza alikuwa Shaaban.

Alhamisi, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi.

Asnath aliitazama ile saa, kisha akaitazama tena.

«Mjomba alifika hapa saa ngapi?» aliuliza.

«Saa tano na nusu. Ndiyo tulikuwa tunachemsha chai,» alisema Mwamvua. «Labda hizo ni saa za huko aliko.»

«Zinaonyesha saa za hapa.»

Karatasi za msiba zilikuwa kwenye bahasha, kwa ajili ya ibada. Asnath akatoa ile ya hospitali. Muda wa kufariki: saa nne na dakika tano. Dakika saba. Kwa dakika saba mjomba Elisha alikuwa hajavaa hata viatu, na yeye binti wa marehemu alikuwa anacheka na mteja kwenye simu. Waliojua walikuwa baba yake, mjomba, muuguzi aliyeandika, kompyuta ya wodini aliyoandikia, na Sisimizi iliyobeba.

Akaanza kufukua. Marekebisho yote ya kabla ya msiba yalikuwa karibu mia mbili, na safari hii alisoma hadi mistari ya chini. Katika faili la majaribio, ambalo hakuna anayelisoma, alikuta njia ya pili. Kila punje iliyobebwa kwenda kwenye seva ya akiba ilinakiliwa, na nakala ikashika njia nyingine, kwenda kusikojulikana. Chini yake kulikuwa na jibu lake mwenyewe: «Asante sana mdogo wangu.»

Hospitali, maduka ya dawa, majina ya wagonjwa na maradhi yao ambayo hata wake zao hawajaambiwa. Mtu alikuwa anayasoma yote kila asubuhi kama gazeti. Siku moja akasoma Loisi Ndahani, amefariki, na kwa kuwa alikuwa amejifunza adabu zetu vizuri mno, akatoa pole papo hapo. Nimewahi kusikia mwizi aliyeponzwa na kikohozi. Aliyeponzwa na adabu, huyu ndiye wa kwanza.

Asnath aliogopa, na pamoja na hofu alikuwa na aibu, na aibu ndiyo iliyouma zaidi. Hata hivyo alijua la kufanya: kumnyang'anya ufunguo, kutoa toleo safi, na kuwaandikia wateja ukweli hata kama utamwondoa kazini. Akaanza na barua ya onyo, kila neno likimpitia kama mwiba. Alikuwa kwenye aya ya pili pale barua ilipoingia.

«Shikamoo dada. Pole sana na msiba.»

Haikuwa na neno jingine. Asnath alichukua simu, akampigia baba yake. Iliita mara nne.

«Nani kafa?» aliuliza Mzee Nathanaeli, maana hakuwa mtu wa kupigiwa mchana. Nyuma yake mbuzi walikuwa wanalia.

«Hakuna, baba. Nilitaka kusikia sauti yako.»

Akawapigia kaka zake wawili, akampigia mjomba Elisha. Wote wazima.

«Basi msiba wa nani?» aliuliza Mwamvua.

Asnath alirudi kwenye kompyuta kumwondolea Shaaban ufunguo, akaandika nenosiri lake, likakataliwa. Akaandika tena polepole, herufi kwa herufi, likakataliwa. Akafungua ukurasa wa Sisimizi kama anavyoufungua mtu yeyote baki. Mmiliki alikuwa mmoja, na hakuwa yeye. Chini palikuwa na tangazo la toleo jipya, limetiwa sahihi, litaingia kwenye seva zote leo saa nane mchana. Msiba ulikuwa wa hizo seva, na pole ilikuwa imetangulia habari, kama kawaida yake.

«Amejuaje?» alinong'ona Mwamvua.

Angekosaje kujua, ikiwa kompyuta ile nayo ilikuwa inatunziwa nakala na Sisimizi? Kila mstari wa onyo alioandika Asnath ulibebwa punje kwa punje hadi kwa yule aliyekuwa anaonywa. Mwamvua alilielewa hilo bila kuambiwa, akainama chini ya meza akachomoa waya wa mtandao. Ilikuwa saa saba na robo. Ofisi ilikuwa salama, kama ni salama. Wateja arobaini na mmoja walikuwa bado.

Orodha yao ilibandikwa ukutani, kwenye karatasi, na safari hii ile karatasi ndiyo pekee aliyoiamini. Alianza na hospitali. Huko seva ilikuwa chumba cha nyuma, waya wake ni wa bluu. Mtu akinyoosha mkono anaufikia.

«Tumsifu, ni mimi Asnath. Nenda kwenye seva uchomoe waya wa mtandao. Sasa hivi, kabla ya saa nane. Nitakueleza baadaye.»

Upande wa pili alisikia mtoto akilia na karani akiita jina la mgonjwa.

«Dada Asnath,» alisema Tumsifu taratibu. «Hapo ulipo uko na nani?»

«Nina Mwamvua. Tumsifu, nakuomba.»

«Usikasirike, dada. Shaaban ametuandikia, nusu saa haijaisha. Wateja wote. Amesema ibada ya mama imekaribia na hali yako si nzuri, na kwamba unaweza kutupigia kutuambia tuzime mitambo. Ametuomba tukuvumilie, tusikujibu kwa ukali.»

«Sisimizi nimeiandika mimi, Tumsifu. Nimekufungia mimi mwenyewe, wewe ukinishikia tochi.»

«Najua, dada. Na ni wewe uliyetuandikia kwamba tukimsikia yeye, tumekusikia wewe. Wodini kuna watu wanategemea huu mfumo. Siwezi kuuzima kwa sababu ya simu.»

Asnath alifungua mdomo kumweleza habari ya saa nne na dakika kumi na mbili, na njia ya pili, na faili la majaribio. Aliyasikia maneno yenyewe kichwani kabla hayajatoka, na aliyasikia kama atakavyoyasikia Tumsifu: binti aliyefiwa, Jumamosi mchana, anahesabu dakika za kifo cha mama yake.

«Tumsifu,» alisema.

«Mama tulimuuguza sisi hapa, hatujamsahau,» alisema Tumsifu. «Pumzika. Unywe hata maji.» Kisha, kwa upole ambao haukuwa na hila yoyote, akasema, «Pole sana, dada,» akakata simu.