Kitambaa Cheupe cha Bi Alima

Mama mkwe wangu, Bi Alima, alikuwa haogopi kitu. Watu wa gesi walipokuja kupima shamba letu, yeye aliwauliza nani amewakaribisha. Walipotuhamishia kijiji kipya cha Quitunda, kwenye nyumba za bloku, alizigonga kuta kwa fimbo akasema, "Haya, za kufia zinatosha." Huyo ndiye aliyenilea nilipomzaa Nurdine, na kusema kweli nilimwogopa yeye kuliko uchungu wenyewe.

Sheria zilikuwa zake. Mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Madirisha yafungwe, upepo usimwingie mtoto. Asubuhi na jioni alinisugua manjano na mafuta ya nazi mwili mzima, nikawa kama pilau. Mtoto analala kifuani pangu. Basi uso wake ulipoanza kugeuka rangi, nani angeshtuka? Tulijua ni manjano niliyopakwa mimi. Bi Alima akanitania, "Umempaka mume wangu, Yasmin. Unataka aonekane bwana harusi?"

Lakini Nurdine akawa mzito wa usingizi. Nampa ziwa, hashiki. Nikasema, "Mama, mtoto hanyonyi."

"Ameshiba. Uzazi wa kwanza, kila kitu kinakutisha."

Alisema hivyo, ila nikamwona anachovya kitambaa cheupe kwenye maji ya uvuguvugu. Akamfuta mtoto shavu, akakitazama. Akamfuta paji la uso, safari hii kwa nguvu. Kitambaa kikabaki cheupe vilevile. Akalifungua dirisha alilolifunga kwa mkono wake mwenyewe, akamgeuza mtoto kwenye mwanga, akamfunua jicho. Hata jicho lilikuwa na rangi ile ile.

Bi Alima akaliacha dirisha wazi, akaanza kutafuta viatu vyake. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu hasa. Kama huyu anaogopa, mimi nani?

"Vaa, twende hospitali."

"Na arobaini, mama?"

"Arobaini ni ya mtoto aliye hai."

Jirani yetu Ussumane akatupakia kwenye pikipiki yake mpaka hospitali ya Palma mjini. Siku zile barabara ilikuwa inatisha, tulikuwa tunasikia vijiji vinachomwa na waasi. Mimi hata barabara sikuiona. Kidole changu kilikuwa chini ya pua ya Nurdine, natafuta pumzi, naipata, naipoteza, naitafuta tena.

Muuguzi alimvua nguo akambonyeza ngozi kifuani na tumboni. "Ini la mtoto mchanga huwa bado halijakomaa," akasema. "Wengi hupata rangi hii ya manjano usoni, ikaondoka yenyewe. Huyu imemshuka mpaka miguuni, na hanyonyi. Mngengoja arobaini, mngemzika."

Wakamfunika macho, wakamlaza chini ya taa ya buluu ya kuondoa manjano ile. Bi Alima akakaa sakafuni kando yake, kitambaa bado kakikunja mkononi. Hakugombana na mtu hata mmoja. Nililia mpaka Nurdine aliposhika ziwa.

Sasa anakimbiza kuku uani. Akipita karibu na bibi yake, hushikwa, akafutwa shavu kwa ncha ya leso. Kisha Bi Alima huigeuza ile leso juani, akaitazama.