Madam Alipotaka Sentensi Yake

Kosa langu lilianza kwa adabu. Mwaka wangu wa pili Doha nilikuwa dereva wa familia moja ya Wakorea waliokaa mtaa wa The Pearl, na madam alijifunzia Kiingereza garini. Kwao alikuwa mwalimu wa chekechea, na alitamani kuifanya kazi hiyo tena, hapa, kwa Kiingereza. Kila asubuhi alifungua daftari, akasoma neno jipya, akalitungia sentensi, kisha akaniuliza kama iko sawa.

Nami nilijibu, "Nzuri sana, madam."

Tangu mwanzo aliniomba nimkosoe bila kumwonea haya, maana alijua kwetu Kenya nilifundisha Kiingereza miaka sita. Darasani sikuwa na mchezo. Watoto waliiogopa kalamu yangu nyekundu. Lakini bosi si mtoto wa darasa la tano. Wenzangu wa chumba kimoja kule Najma walinionya nisijitie kimbelembele, wakasema ukimkosoa anayekulipa utapandishwa ndege ya kurudi kwenu. Nikafyata mkia. Miezi minane nilisifu sentensi zilizosimama kichwa chini miguu juu, na alipofurahi, mimi nikajiona mtu mwema.

Kisha akaitwa kwa mahojiano ya kazi katika shule moja ya watoto pale Al Sadd. Njiani alijaribu maneno yake mara tatu, na mara tatu nikamwambia yuko vizuri. Alitoka kabla sijamaliza chai yangu. Akaketi kiti cha nyuma, akafungua daftari bila kunitazama, akaandika neno aliloambiwa humo ndani: falter. Maana alishaitafuta kwenye simu. Ni kuanza jambo vizuri, halafu ujasiri ukakutoka katikati na sauti ikakwama. Alichotaka kwangu ni sentensi ya mfano.

Nikampa ya mzee anayepanda ngazi. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Sentensi yangu mimi."

Nilimwona kwenye kioo, macho mekundu, kalamu iko tayari. Nikamtungia kwa Kiingereza, polepole, kama imla: madam aliishiwa na ujasiri kwa sababu dereva wake alimdanganya.

Aliandika yote. Halafu akafungua ukurasa wa kwanza, akanikabidhi daftari, akaniomba nimwonyeshe makosa. Nilidhani natubu. Nikatia alama mstari baada ya mstari, kwa bidii ileile ya mwalimu, wala sikutambua kwamba nilikuwa namvunja zaidi. Tulikuwa ukurasa wa nne aliponyoosha mkono akalichukua daftari lake.

Nilimwendesha miaka miwili zaidi. Mahali pa kwenda alinitumia kwa ujumbe wa simu, na garini hakusema Kiingereza tena.